Mkanda wa Ngozi Mbichi

Mbukwenyi nyote, nawasalimu. Walio nyuma wasogee mbele kidogo, maana sauti yangu haifiki mbali, na nikiilazimisha kifua kinanilipiza jioni. Feruzi, msaidizi wa Bwana Mganga, ndiye aliyeniomba niseme. Kila nikija hapa spitali ya kambi ya reli kuangaliwa, ananikalisha kwenye benchi hili na kuniambia, "Waambie, Sogoya." Nimewaambia watu wengi mpaka nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Lakini asubuhi hii ameletwa mtu aliyebanwa na behewa, na ndugu zake nawaona wamekaa pale ukutani. Nimewasikia wakisema hana jeraha, hana damu, wampe ruhusa arudi nyumbani. Basi nitaisema tena habari yangu, kwa ajili yao.

Kwetu ni upande wa Ihumwa, mwendo wa asubuhi nzima kutoka hapa Dodoma. Kabla ya mkasa wangu nilikuwa mtu wa ng'ombe na mtama kama wenzangu, mwenye nguvu, mwenye kupenda ngoma, na mvivu wa jambo moja tu: paa la nyumba. Ninyi mnaotoka pwani hamjui tembe. Paa letu ni boriti, fito, nyasi, na juu yake udongo. Mtu makini huukwangua udongo wa zamani kabla ya mvua, akatazama boriti kama zimeliwa na mchwa, kisha akaweka udongo mpya. Mtu mvivu akiona panavuja hupanda na kapu moja la udongo, akalimwaga pale pale, akakanyaga, akashuka kunywa pombe. Mimi miaka mitatu mfululizo nilipanda na kapu.

Mke wangu Mbeleje alikuwa akinitania. "Baba Nyemo," alisema, "unawajengea watoto mlima juu ya vichwa vyao." Nami nilicheka, nikamwambia mlima hauvuji.

Mwaka huo mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika, jambo ambalo kwetu si la kawaida. Asubuhi ya siku ya tano mawingu yalifunguka. Mbeleje aliwatoa watoto nje waote jua, nami nikaingia kuwatoa ndama, maana ndama wetu hulala ndani. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu ikivunjwa gotini. Nikatazama juu. Boriti ya katikati ilikuwa imekatika, na mlima wangu ulikuwa unashuka.

Nililala chali chini ya udongo uliolowa, boriti imenilalia kifuani upande wa kushoto. Kichwa kilikuwa nje. Sikupiga kelele kwa sababu hapakuwa na pumzi ya kupigia. Nilifungua mdomo na hakuna kilichoingia. Nakumbuka ndama mmoja alikuja akanilamba paji la uso, nami nikamchukia kwa jinsi alivyokuwa akipumua kwa raha.

Majirani walinifukua kwa majembe na mikono. Waliinyanyua boriti, wakanikalisha, wakanimwagia maji. Walinitazama kichwa, mikono, miguu. Hapakuwa na tone la damu. Mkwaruzo tu kifuani, mpana kama kiganja. Basi watu wakafurahi. Mjomba wangu, ndugu ya mama, ambaye ndiye mkubwa wetu pale, alisema, "Huyu ana bahati. Hana hata jeraha." Nilisimama. Nilitembea hatua kumi mpaka kivulini ili nisionekane dhaifu, na wanawake wakapiga vigelegele. Hatua zile kumi nazijutia mpaka leo, kwa sababu ndizo zilizowadanganya wote, na mimi mwenyewe nikiwamo.

Mchana maumivu yalikuja. Nilipovuta pumzi nilihisi kitu kinachoma kutoka ndani kwenda nje, na nilipokohoa nilitamani nife nisikohoe tena. Ndipo walipomwita kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa anaitwa Ndahani, na ni muunga mifupa, kama alivyokuwa baba yetu. Toka hapa hadi Kongwa wanamjua. Ng'ombe akivunjika mguu huitwa yeye, mtu akivunjika mkono huitwa yeye. Kazi yao ni hii: huchukua ngozi mbichi ya ng'ombe, ikiwa bado na majimaji, wakaikata mkanda mpana, wakauzungusha penye mfupa uliovunjika. Ngozi ikikauka hukaza na kuwa ngumu kama mti, na mfupa unatulia humo mpaka uunge. Mguu wangu wa kulia baba aliufunga hivyo nilipokuwa mdogo, na mguu huo umenipeleka malishoni miaka yote. Kwa hiyo msidhani nilikuwa na shaka. Hakuna aliyekuwa na shaka.

Ndahani alinipapasa mbavu kwa vidole vyake, akatikisa kichwa. "Zimevunjika," alisema. "Tatu, pengine nne." Halafu akatoka nje akamchinja maksai wake mwenyewe, yule mwekundu aliyekuwa akimpenda, apate ngozi mbichi siku hiyo hiyo. Nataka mlisikie hilo vizuri. Mtu aliyekaribia kuniua alimchinja maksai wake kipenzi kwa ajili yangu.

Alinizungushia mkanda kuanzia chini ya kwapa mpaka juu ya kitovu, akaukaza kwa goti, akaushona kwa ugwe wa mshipa. Nilipata nafuu pale pale. Sitasema uongo. Ngozi ilikuwa baridi na laini, ile sehemu iliyokuwa inachoma ikatulia, nikanywa uji wa uwele nikalala nimeegemea ukuta wa nyumba ya mjomba. Ndahani alikaa nami mpaka asubuhi. Halafu ukaja ujumbe kutoka Haneti kwamba mtu mkubwa wa huko amevunjika paja. Ni mwendo wa siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Kaka yangu alinishika bega akasema, "Mkanda usiguswe. Anayefunga ndiye anayefungua. Mkono mwingine ukiugusa, mfupa unapotea, na lawama ni ya huyo aliyeugusa." Hiyo ndiyo sheria ya kazi yao. Kila mtu kwetu anaijua.

Akaondoka. Na jua likatoka.

Mnajua jua letu baada ya mvua. Ngozi ilianza kukauka kabla ya saa sita. Mara ya kwanza nilidhani ni mawazo yangu. Jioni nilijua si mawazo. Mguu uliovunjika hauhitaji kupanuka na kunywea, lakini kifua kinahitaji, mchana na usiku, na kifua changu kilikuwa kimefungiwa ndani ya gamba. Nilikuwa napumua kwa shingo. Mabega yalipanda na kushuka, pua zilitanuka kama za punda aliyepandishwa kilima. Sikuweza kulala chali. Sikuweza kumeza ugali kwa sababu kumeza kulihitaji kuacha kupumua kidogo, na hiyo "kidogo" sikuwa nayo. Nilikojoa nikiwa nimekaa, Mbeleje akinishikia kibuyu. Makohozi yalitoka na nyuzi za damu, nikayafuta kwa majani nikayaficha chini ya ngozi niliyokalia, nisimtishe.

Lakini yeye hakuhitaji makohozi kujua. Siku ya tatu aliinama karibu yangu akasema, "Baba Nyemo, juzi uliniambia, 'Niletee maji ya kunywa yale ya mtungi mdogo.' Jana uliniambia, 'Niletee maji.' Leo unasema 'maji' basi, halafu unapumzika. Maneno yako yanakwenda wapi?"

Nilitaka kumjibu. Nilihesabu maneno niliyonayo, nikaona hayatoshi, nikanyamaza.

Akamwendea mjomba. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale ukutani nikiwasikia. Alimwambia, "Mjomba, midomo yake imekuwa ya majivu. Mkanda unambana. Tuukate."

Mjomba alisema, "Ndahani hajarudi."

"Ndahani yuko Haneti. Mume wangu yuko hapa."

"Na ukikata, mbavu zikapotea, akafa? Ndahani akirudi utamwambia nini? Utaniambia nini mimi?"

Lilikuwa swali la kweli kwa Mbeleje. Yeye aliolewa kwetu, hakuzaliwa kwetu. Kama angekata nami nikafa, wangesema yeye ndiye aliyeniua, na watoto wangu wangekua wakisikia hivyo. Akaja kwangu machozi yakimtoka. Akaniuliza, "Nikate?" Nami, mpumbavu, nilitikisa kichwa kukataa. Niliona aibu. Niliona kama namkana kaka yangu na maksai wake na mkono wa baba yetu. Nilikuwa tayari kufa kwa adabu. Siku hiyo nilichoka kupita uchovu wowote ninaoujua. Si uchovu wa kazi, ni wa kuinua mabega kila mara kutafuta pumzi, na kujua kwamba nikiacha kuyainua kwa muda mfupi tu, basi.

Siku ya nne asubuhi ndipo alipokuja Feruzi. Hakuja kwa ajili yangu. Alikuja na askari mmoja wa akida kuwachanja watu ndui, ana kisanduku chake cha bati na kanzu imejaa vumbi. Watu walipanga mstari uani. Yeye akawa anachanja huku ananitazama kwa mbali. Akachanja wa pili, akanitazama. Wa tatu hakumchanja. Aliweka sindano chini akaja.

"Huyu ana nini?"

"Aliangukiwa na paa," mjomba alijibu. "Ameshafungwa. Anapona."

Feruzi alichuchumaa mbele yangu. Hakunigusa kwanza. Alinitazama tu shingoni, na midomoni, na puani, kwa muda mrefu, mpaka nikaona haya. Halafu akauliza, "Nani hukaa naye siku nzima?"

"Mimi," Mbeleje alisema.

"Anazungumza vipi?"

Akamwambia ile habari ya maji. Maji ya mtungi mdogo, halafu maji, halafu neno moja. Na leo, alisema, anaonyesha kwa kidole. Feruzi alisimama. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu hafiki jioni. Mkanda ukatwe sasa."

Mjomba alisimama naye. "Wewe ni nani? Anayefunga ndiye anayefungua. Kaka yake anarudi kesho kutwa."

"Mzee, nakuheshimu. Mimi nimekaa kambi ya reli tangu ilipokuwa bado Kilosa. Nimewaona watu waliopigwa na mawe ya baruti, waliobanwa na mabehewa. Wenye damu tuliwakimbilia. Wasio na damu tuliwaambia wangoje, nao wakafa wakingoja, wamekaa hivi hivi kama huyu. Mimi mwenyewe nilimwambia mmoja angoje. Siku hizi namtazama kwanza asiye na damu."

Hakuna aliyesogea. Yule askari alikuwa anatazama mbuzi. Feruzi alitoa mkasi kwenye kisanduku chake, akaujaribu kwenye ukingo wa mkanda. Mkasi uliteleza, haukuweza hata kuukwaruza. Alihitaji kisu cha kuchunia, na kisu kilikuwa cha mjomba, kiunoni mwake. Mjomba akaweka mkono juu ya mpini.

Mbeleje alimfuata akapiga magoti mbele yake. Nilidhani anamwomba. Alisema, "Mjomba, lawama ninaichukua. Yote. Usikie wewe na wasikie hawa wote. Akifa ni mimi." Kisha akauondoa mkono wa mjomba taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kitu, akachomoa kisu. Na mjomba, mtu ambaye hata wanaume walimwogopa, alimwachia.

Mbeleje alikata upande wa kulia, upande mzima, Feruzi akiuinua mkanda kwa vidole ili kisu kisiniguse. Ngozi ilikuwa ngumu, alikata kwa kusogeza mbele na nyuma kama anayekata mti, akajikata kidole gumba, damu yake ikanichuruzika tumboni. Ilipoachia, ililia. Na hewa iliingia. Kidogo, haikuwa nyingi, lakini nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo tamu. Maumivu yaliingia nayo, makali kuliko siku ya kwanza, nikalia mbele ya watu wote bila aibu.

Feruzi aliwaita wasogee. "Tazameni," alisema. "Tazameni wenyewe, msiseme nimewadanganya." Upande wangu wa kulia ulipanda nilipovuta pumzi. Wa kushoto haukupanda. Na katikati ya huo wa kushoto palikuwa na kipande, upana wa mkono, kilichofanya kinyume: kifua kikitoka, hicho kiliingia ndani; kifua kikiingia, hicho kilitoka. Watu walishika midomo. Akauchukua mkono wa mjomba akauweka chini ya kwapa langu, akaubonyeza kidogo. Chini ya ngozi palisikika mchakacho, kama mtu anakanyaga majani makavu kwa mbali. "Hiyo ni hewa," Feruzi alisema. "Pafu limetobolewa na ubavu. Hewa imetoka mahali pake inatafuta njia." Mjomba aliutoa mkono wake haraka.

Feruzi alikunja kitambaa mara nyingi, akakiweka juu ya kile kipande, akamwonyesha Mbeleje jinsi ya kukishikilia kwa kiganja. Akakataza nisifungwe na kitu chochote kuzunguka. Wanaume walitengeneza machela, wakataka kunilaza chali, akakataa. Wakataka kunilaza kwa upande wa kulia ili ule mbovu uwe juu usigusike; akakataa tena. "Mkimlaza kwa upande mzima, atapumua kwa upi?" Wakaniegemeza kwenye gunia la mtama nikiwa nimekaa nusu, nimeinamia upande wa kushoto, ule unaouma. Ilikuwa kinyume cha yote tuliyoyajua. Hivyo ndivyo nilivyofika hapa Dodoma, mke wangu akitembea kando ya machela njia nzima, kiganja chake kifuani mwangu, kidole chake gumba kimefungwa jani.

Bwana Mganga, yule Mjerumani, hakuwa mtu wa maneno. Alinigonga kifuani kwa vidole viwili, juu, chini, kushoto, kulia. Kushoto juu palilia kama kibuyu kitupu. Kushoto chini palilia bubu. Aliongea na Feruzi, Feruzi akaniambia, "Atakutoboa. Kuna hewa na kuna damu, vinakaa mahali pa pafu lako." Nilitaka kucheka. Nimetobolewa kwa ndani na ubavu, sasa nitatobolewa kwa nje na Mjerumani.

Sindano ilikuwa nene kama msumari. Iliingia kati ya mbavu nikiwa nimekaa, nimemkumbatia Feruzi shingoni. Nilimng'ata bega, ana alama mpaka leo, mwambieni awaonyeshe. Kisha waliingiza mrija wa mpira, mwisho wake ukawekwa ndani ya chupa yenye maji, chini ya kitanda. Na maji yakaanza kutoa mapovu. Kila nilipotoa pumzi, mapovu. Damu nyeusi ikafuata. Mbeleje alikaa sakafuni akiitazama chupa ile kama mtu anayetazama sufuria isichemke ikamwagika. Jioni nilimwambia, "Mama Nyemo, niletee maji ya kunywa, yasiwe ya moto." Aliinamisha uso kwenye magoti akalia kwa sauti.

Ningependa kusema kwamba hapo nilipona. Sikupona. Siku ya sita homa ilipanda, nikakohoa makohozi ya rangi ya kutu yenye harufu. Feruzi alinikalisha mara kwa mara, akanipa blanketi lililokunjwa nilikumbatie penye mbavu, akasema, "Kohoa." Nikakataa. "Kohoa, Sogoya." Nikamtukana mama yake. Alisema, "Mama yangu simjui, niliuzwa mdogo. Kohoa." Nikakohoa. Ilikuwa hivyo mwezi mzima. Kuna siku nilimwomba Mungu wa watu wote, aliye wetu na aliye wa wageni, anichukue tu, maana kupumua kulikuwa kumekuwa kazi, na mimi nimekwisha kuwaambia kwamba ni mvivu. Mbeleje akinisikia alisema, "Nilibeba lawama mbele ya watu. Ukifa sasa utakuwa umenifanyia ubaya." Basi nilipumua kwa sababu yake. Sikuwa na sababu nyingine iliyobaki.

Ndahani alirudi kutoka Haneti akakuta mkanda wake umekatwa, umetupwa uani, mbwa wanautafuna. Hakuja kuniona. Alisema, "Yule mwanamke hakukata ngozi. Amenikata mimi." Nilipotoka spitali, mbavu zangu zimeunga kwa kupanda na kushuka kama njia ya mbuzi, nikarudi Ihumwa, nikakuta hali ni hiyo hiyo. Kaka yangu alikataa kula chakula kilichopikwa na mke wangu. Alipita mlangoni petu bila kusalimu. Watu walikuwa wakipunguza sauti Mbeleje akipita kisimani. Mimi nilikuwa hai na yeye ndiye aliyekuwa anaadhibiwa kwa hilo. Niliona uchungu ambao siwezi kuueleza.

Siku moja nilikwenda mwenyewe kwa Ndahani, polepole, nikipumzika kila mara njiani. Nilimkuta anakatakata mikanda. Sikumsalimu kwa maneno mengi. Nilivua nguo ya juu, nikachukua mkono wake nikauweka hapa.

Alitaka kuuondoa. Kisha vidole vyake vikaanza kupapasa. Ni vidole vya kazi, haviwezi kujizuia. Vikahesabu mbavu. Vikapata pale ubavu mmoja uliposhikana vibaya na mwenzake. Vikarudi tena. Halafu akauliza, kwa sauti ya fundi, si ya kaka, "Hapa ndipo palipokuwa panaingia ndani?"

"Ndipo."

"Wakati kwingine kunatoka?"

"Ndiyo, kaka."

"Nilipapasa," alisema. "Sikutazama." Akafuta uso kwa mkono uliojaa mafuta ya ngozi. "Baba hakunifundisha kutazama." Jioni ile alikuja kwetu, akaketi, akanawa mikono, akala ugali na mlenda wa Mbeleje mpaka akafuta chungu. Hakuomba radhi kwa maneno. Mke wangu alimwongeza mlenda bila kuulizwa.

Ni hayo. Siwezi kupanda kilima. Wakati wa baridi ubavu huu huniamsha. Paa langu sasa nalikwangua kila mwaka, au tuseme mwanangu analikwangua nami nakaa chini nikimkaripia. Namshukuru Mungu, namshukuru Feruzi, namshukuru hata yule Bwana Mganga na sindano yake. Nanyi mliokaa ukutani pale, ndugu za mtu wa behewa, msimchukue nyumbani. Nendeni mkakae naye. Mfunueni nguo mtazame pande zote mbili kama zinapanda pamoja. Msimfunge kitu kifuani, msimlaze chali kama maiti. Na zungumzeni naye, msikie kama anafika mwisho wa maneno yake. Siku akianza kusema neno moja moja, msiseme amechoka, mwiteni Feruzi mkikimbia.

Kaka yangu bado anaunga mifupa. Miguu na mikono anafunga kwa ngozi kama zamani, na inapona. Kifua hafungi tena. Akiitwa kwa kifua huketi kwanza akatazama, kisha huwaambia wenyewe walete machela. Lakini sheria yao ameibadilisha hata kwa miguu, na wazee wenzake wanamlaumu kwa hilo. Akimaliza kufunga, humwita mwanamke wa nyumba ile, mke au mama au dada, yeyote anayekaa na mgonjwa siku nzima. Huchomoa kisu chake cha kuchunia akamkabidhi mkononi, hata kama yeye mwenyewe anakwenda kijiji cha pili tu. Mwaka jana nilikuwepo akimkabidhi bibi mmoja, na bibi yule akarudi nyuma akisema anayefunga ndiye anayefungua. Ndahani alimkunjia vidole juu ya mpini. "Mama," alimwambia, "ukiona vidole vya mguu vimekuwa vyeusi, kata mkanda. Usinisubiri."